Je, Majarida ya Bunduki ya Marekani Yanaaminika Yanaposifu Silaha?

Msomaji mmoja mwenye asili ya Mwanza, ambaye sasa anaishi na familia yake katika jimbo la Minnesota, ameniandikia barua ndefu ambayo naomba kuifupisha. Anataka kununua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia kulungu kabla msimu wa Novemba haujafunguliwa. Kwa kuwa hana mzee wala rafiki wa kumwelekeza, alilipia majarida mawili ya silaha, akayasoma mwaka mzima akiwa na kalamu mkononi, na katika matoleo yote hayo hakukuta hata bunduki moja iliyoelezwa kuwa ni mbovu. Ipo moja ya dola 900, modeli mpya, iliyopigwa picha pamoja na karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yanayogusana, na mwandishi amesema inapiga ndani ya nusu inchi kwa umbali wa yadi 100. Anauliza: "Fundi, watu hawa naweza kuwaamini, au mwaka mzima nimekuwa nikisoma matangazo ya biashara nikidhani ni uchunguzi?"

Ndugu yangu, jibu langu baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye meza ya ufundi wa bunduki na kuyasoma majarida hayo hayo ni kwamba yaamini yanapopima, na uyatilie shaka yanapohukumu. Uzito wa silaha, urefu wa mtutu, nguvu inayohitajika kuvuta triga, kasi ya risasi inapotoka, namna silaha inavyofunguliwa na kusafishwa: mambo haya kwa kawaida yameandikwa na watu wanaoijua kazi yao, na nikiyapima mwenyewe hapa mezani huwa tunakaribiana sana. Kinachokosekana ni ile sentensi moja ambayo mnunuzi anaihitaji kuliko zote, yaani "usinunue hii", na sababu za kukosekana kwake zimo ndani ya namna makala zenyewe zinavyozaliwa.

Jarida la bunduki halilishwi na msomaji wake. Ada unayolipa kwa mwaka ni ndogo mno kulinganisha na gharama za kuliandaa, kulichapa na kulituma. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye matangazo, na watangazaji ni viwanda vilevile vinavyotengeneza silaha, darubini na risasi zinazochunguzwa katika kurasa za jirani. Gazeti la kila siku likimuudhi mwenye benki, bado linabaki na mwenye sabuni na mwenye simu, lakini jarida la bunduki likiwaudhi watengenezaji watatu wakubwa halina pa kukimbilia. Hata silaha inayochunguzwa hainunuliwi dukani. Kiwanda ndicho kinachoituma kwa mkopo, mwandishi anakaa nayo wiki kadhaa, kisha ama anairudisha ama anainunua kwa bei iliyopunguzwa, na mara nyingi hata risasi anazopigia zimetoka kwa mtengenezaji bila malipo. Mwandishi mwenyewe aghalabu ni wa kujitegemea anayelipwa kwa makala, na makala ya mwezi ujao inategemea kiwanda fulani kukubali kumtumia silaha nyingine.

Katika mpango wa namna hii hakuna haja ya mtu yeyote kumwamuru mwandishi adanganye. Akipokea bunduki inayokwama kila mara, hupiga simu kiwandani, kiwanda huomba radhi na kumtumia nyingine, na makala huandikwa juu ya hiyo ya pili. Ikiwa na ya pili imeshindwa, mhariri anaweza kuamua kwamba nafasi ile ijazwe na silaha nyingine kabisa. Ndiyo maana katika mwaka wako mzima wa kusoma hukukutana na bunduki mbovu: zilizokuwa mbovu hazikufika kwenye karatasi. Nakusihi ulitafakari jambo hili, kwa sababu watu wengi wakilalamika kuhusu majarida hutafuta uongo ndani ya makala, na wasipouona hurudi kuamini kila kitu, ilhali hasara ya msomaji ilitokea kabla makala haijaandikwa.

Kuna pia suala la wakati. Kila Januari viwanda hukutana Las Vegas katika maonyesho makubwa ya biashara ya silaha yaitwayo SHOT Show, na kila mmoja hutaka bidhaa yake mpya iwe tayari inasomwa wiki hiyo. Jarida la kuchapwa huandaliwa miezi kadhaa kabla ya kufika kwenye sanduku lako la barua, kwa hiyo makala ya Januari imetokana na silaha iliyopigwa wakati wa vuli, pengine kabla mitambo ya kiwanda haijaanza kuzalisha kwa wingi. Silaha ya namna hiyo ni sampuli ya awali, iliyosuguliwa na kulinganishwa kwa mkono na mafundi bora wa kampuni. Ile utakayoipata wewe dukani ni ya 4,000 au ya 40,000 kutoka kwenye mtambo, na imepita mikononi mwa wafanyakazi wanaohesabiwa dakika zao.

Mfano ninaoutumia daima kwa wateja wangu ni bastola ya R51 ya kampuni ya Remington. Ilikuwa ni ufufuo wa muundo wa John Pedersen, yule mhandisi ambaye bastola yake ya Model 51 ilitengenezwa na Remington tangu mwaka 1918 hadi katikati ya miaka ya 1920. Mwanzoni mwa 2014 kampuni ilitangaza toleo jipya la milimita 9, jembamba, la bei ya chini kidogo ya dola 420 hivi, na waandishi waliopewa nafasi ya kulijaribu mapema walilisifu kwa mapana: mshiko wake, wepesi wa teke lake (yaani namna linavyosukuma mkono nyuma likifyatuka), namna lilivyokaa mkononi. Kisha bastola zikafika madukani. Wanunuzi wakakuta slaidi (kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma na kwenda mbele) ngumu zinazokwaruza, risasi zisizopanda vizuri kwenye chemba, yaani tundu zinamofyatukia, na jambo la hatari zaidi, zipo zilizoweza kufyatuka kabla slaidi haijafunga sawasawa, hali ambayo inaweza kulipasua ganda la risasi karibu kabisa na mkono na uso wa mpigaji. Julai 2014 Remington ilitangaza kwamba kila aliyeinunua anaweza kuirudisha na kupewa nyingine mpya, na bastola yenyewe haikurudi sokoni hadi mwaka 2016.

Sisemi kwamba waandishi wale wa mwanzo waliongopa. Naamini kabisa kwamba bastola walizopewa ziliwapendeza, na walichoandika juu ya mshiko na teke kilikuwa kweli hata kwa bastola zilizokuwa mbovu. Kosa lao ni kwamba hawakumweleza msomaji kwa herufi kubwa kuwa silaha waliyoishika haikuwa ile ambayo yeye angeuziwa. Mtu aliyetoa dola zake 420 kwa kutegemea makala hizo alinunua kitu ambacho hakuna mwandishi aliyekuwa amekipiga.

Utaniuliza, basi kwa nini mwandishi mmoja jasiri asivunje mwiko? Tazama yaliyompata Dick Metcalf wa Guns & Ammo, jarida lililoanzishwa mwaka 1958. Katika toleo la Desemba 2013 aliandika safu fupi akisema kwamba haki ya kumiliki silaha, kama haki nyingine, inaweza kuwekewa taratibu, na kwamba kumtaka mtu apate saa 16 za mafunzo kabla ya kubeba bastola hadharani si kuivunja katiba. Alikuwa mmoja wa waandishi wanaojulikana sana katika fani hiyo kwa miongo kadhaa. Wasomaji walikasirika, Metcalf akaondolewa, na mhariri wake, Jim Bequette, akaomba radhi na kuachia kiti. Kwa maelezo ya Metcalf mwenyewe, aliambiwa kwamba watengenezaji wawili wakubwa walisema wazi kuwa hawataendelea kufanya biashara na kampuni inayomiliki jarida iwapo mabadiliko hayatafanyika. Kweli, ile ilikuwa safu ya maoni wala haikuwa uchunguzi wa silaha, na hasira ya wasomaji ilikuwa kubwa sawa na ya viwanda. Hata hivyo, mwandishi kijana aliyeyaona hayo akiwa na bunduki ya mkopo juu ya meza yake hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuje kwenye nusu inchi yako, kwa maana hapa ndipo fedha zako zilipo.

Mwaka juzi mteja aliniletea bunduki ya bolti, ile ya komeo linalovutwa kwa mkono kila baada ya risasi, ya aina ambayo jarida moja lilikuwa limeisifu kwa kundi dogo la matundu kama hilo, akilalamika kwamba ameuziwa mbovu. Niliifunga kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga makundi matano ya risasi tatu kwa yadi 100, kila kundi kwenye karatasi yake, nikiuacha mtutu upoe kila baada ya kundi. Nilipoyapima kwa kalipa, yaani upana kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika kila kundi, nilipata inchi 0.6, 1.3, 0.9, 1.4 na 0.8, yaani wastani wa inchi moja kamili. Kisha nikafanya jambo ambalo nalipendekeza kwa kila mwenye bunduki: nikazipanga karatasi zote tano moja juu ya nyingine, nikazilinganisha alama za katikati juu ya dirisha lenye jua, nikayahamisha matundu yote 15 kwa ncha ya msumari kwenye karatasi moja nyeupe. Umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi ulikuwa inchi 1.7. Nikamwita mteja, nikamwonyesha karatasi ya kwanza, ile ya inchi 0.6, nikamwambia, "Hii ndiyo ingepigwa picha kwenye jarida," kisha nikamwonyesha karatasi nyeupe, nikamwambia, "Na hii ndiyo bunduki yako." Haikuwa mbovu. Ilikuwa bunduki ya kawaida iliyoelezwa kwa kundi lake bora.

Jambo hili lina hesabu yake, wala si suala la bahati ya siku ile. Risasi zikitawanyika kwa namna ya kawaida, kundi la risasi tano hutarajiwa kuwa pana kuliko la risasi tatu kwa zaidi kidogo ya robo, na kundi la risasi kumi hutarajiwa kuwa pana kwa zaidi ya nusu. Bunduki ambayo wastani wake kwa risasi tatu ni inchi moja itakupa takribani inchi 1.27 kwa risasi tano na 1.58 kwa risasi kumi, bila chochote kubadilika ndani ya mtutu. Kwa hiyo ukisoma kipimo cha usahihi, uliza maswali mawili kabla hujaiangalia namba yenyewe: kila kundi lilikuwa na risasi ngapi, na je, huu ni wastani wa makundi yote au ni kundi bora lililochaguliwa? American Rifleman, jarida la NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki Marekani, lina utaratibu wa muda mrefu wa kupiga makundi matano mfululizo ya risasi tano na kuandika dogo, kubwa na wastani. Nina mengi ya kutokubaliana nayo katika jarida hilo, lakini jedwali lake ni la kweli na nalisoma kila mara. Jarida linalokupa picha moja ya matundu matatu na maneno ya kupendeza limekupa kumbukumbu ya sekunde chache za bahati njema.

Vivyo hivyo kuhusu kukwama. Utasoma mara nyingi kwamba silaha ilipigwa risasi 200 bila tatizo lolote, na sentensi hiyo huwa ni kweli. Lakini kwa hesabu, risasi 200 bila kukwama zinakuruhusu tu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba silaha haikwami zaidi ya mara moja katika kila risasi 67 hivi. Jeshi la Marekani, lilipotafuta bastola mpya ambayo hatimaye zabuni yake iliipata kampuni ya SIG Sauer mwaka 2017, lilitaka silaha ipige wastani wa risasi 2,000 kati ya kukwama kumoja na kwingine, na kiwango kama hicho hakipimwi kwa masanduku manne ya risasi wala kwa silaha moja. Mwandishi wa jarida hana risasi hizo, na hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo. Ninachomlaumu ni kuliita jambo hilo ushahidi wa kutegemewa. Pia ukisoma kwamba silaha ilihitaji "muda wa kuzoea", au kwamba "ilichagua risasi inazozipenda", fahamu kuwa mara nyingi ndiyo lugha ya adabu ya kusema kwamba ilikwama, au kwamba ilitawanya vibaya risasi nyingine zote zilizojaribiwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kawaida ya biashara, kwani hata majarida ya magari huishi kwa matangazo. Tofauti ni kubwa. Gari likiwa na breki mbovu Marekani, ipo mamlaka ya serikali inayoweza kumlazimisha mtengenezaji alirudishe. Bunduki haina mamlaka hiyo. Sheria ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya mwaka 1972 iliziweka silaha za moto na risasi nje ya uwezo wa tume inayosimamia bidhaa, kwa hiyo tume ile ile inayoweza kukiondoa sokoni kichezeo chenye umbo la bastola haiwezi kuigusa bastola yenyewe. Katika nchi kama Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani, kila bunduki lazima ijaribiwe kwa risasi yenye shinikizo kubwa katika nyumba rasmi ya majaribio na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa, lakini Marekani viwango vya viwanda ni vya hiari. Anayebaki kati ya kasoro ya kiwanda na bega la mnunuzi ni mwandishi, fundi, na mwishowe mahakama.

Na mahakama huchelewa. Triga iliyobuniwa na Mike Walker, mhandisi wa Remington, iliyowekwa kwenye Remington Model 700, bunduki iliyoanza kuuzwa mwaka 1962 na kupendwa na wawindaji wa vizazi vitatu, ilishtakiwa mara nyingi kwa madai kwamba inaweza kufyatua bila kuvutwa. Walker mwenyewe alikuwa ameandikia kampuni juu ya hatari inayoweza kutokea katika muundo wake tangu miaka ya 1940. Kampuni ilishikilia siku zote kwamba bunduki ni salama. Mamilioni ya Wamarekani waliusikia mjadala huo kupitia kipindi cha televisheni ya CNBC mwaka 2010, na makubaliano ya mahakamani ya kubadilisha triga, yaliyohusu bunduki zaidi ya milioni saba, yalianza kutekelezwa mwaka 2018. Kwa nusu karne bunduki hiyo ilikuwa imesifiwa kwa usahihi wake, na sifa hiyo ilistahili. Usahihi ndio uliokuwa ukipimwa.

Je, hakuna jarida lisilotegemea matangazo? Lipo Gun Tests, lililoanza mwaka 1989, ambalo halichapishi matangazo ya viwanda, hulinganisha silaha kadhaa za aina moja kwa pamoja, na huzipa alama, zikiwemo alama za kufeli. Nalipendekeza kwako, ingawa nalo hupima silaha chache za kila modeli, kwa hiyo alama mbaya yaweza kuwa ya bunduki ile moja tu. Kuhusu wachunguzi wa video, kanuni za Tume ya Shirikisho ya Biashara zinataka anayesifu bidhaa aseme wazi kama amepewa bure au amelipwa. Sikiliza kama anasema, na kama amekaa kimya muulize. Wamewahi kufanya kazi njema. Bastola ya SIG P320 ilikuwa sokoni tangu 2014 na imeandikwa kwa sifa nyingi, lakini ilikuwa Agosti 2017 ambapo wapigaji wa kujitegemea walionyesha hadharani kwamba ikianguka na kutua kwa nyuma ya slaidi yake kwa mwinamo fulani inaweza kufyatuka, na mwezi huohuo kampuni ikatangaza kuirekebisha bure. Majaribio rasmi ya kuangusha hayakuufikia mwinamo ule, na wachunguzi wa kawaida hawana desturi ya kuiangusha silaha ya mkopo.

Sasa, bunduki yako. Sehemu ya kulungu unayotakiwa kulenga, mapafu na moyo, ina upana wa takribani inchi nane. Bunduki ya inchi moja na nusu kwa yadi 100 inakutosha kabisa, na hiyo nusu inchi unayolipia kwa hamu haitamfikia mnyama, kwa sababu mkono wako baridini utaipoteza mara nyingi zaidi ya hapo. Tazama badala yake kama kitako kinakaa sawa begani ukiwa umevaa koti la Novemba, kama kizuizi cha usalama kinasukumika kwa kidole chenye glavu bila kelele, na kama bolti inalivuta ganda lililopigwa bila kulazimishwa. Kama ulizaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979, Minnesota inakutaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya uwindaji, na hata kama haikuhusu, nenda ukasome. Wengi wa wakufunzi wale ni watu wa kujitolea ambao kila mwaka huona bunduki nyingi mikononi mwa watu wa kawaida. Waulize ni zipi hurudi na matatizo. Muulize na fundi wa mjini kwako ni modeli gani anazifungua mara kwa mara, na ni zipi hajawahi kuziona mezani.

Ile ya dola 900 usiinunue mwaka huu. Modeli ambayo haijamaliza miezi 18 madukani bado inajaribiwa na wanunuzi wake, nawe huna sababu ya kuwa miongoni mwao. Chukua modeli ya zamani inayoendelea kutengenezwa, mpya au iliyotumika vizuri, uulizie namba yake kwa kampuni kama kuna tangazo la kurudishwa, na salio la fedha ulitumie kununua masanduku matano ya risasi za aina moja. Ukifika kwenye uwanja wa shabaha, piga makundi matano ya risasi tatu, andika tarehe na aina ya risasi kwenye kila karatasi, kisha uyahamishe matundu yote 15 kwenye karatasi moja kama nilivyokueleza. Nitumie picha ya hiyo karatasi moja, pamoja na maelezo ya kila mara iliyokwama, nami nitakuambia kama ni ya kurudisha dukani dhamana ingali hai.